Kama uliwahi kubeba RPG begani, nenda kapime masikio

Ndugu zangu mliopita jeshini, leo naandika kwa ajili yenu, na kwa ajili ya wake na watoto mnaoishi nao.

Mwaka 1982 nilichaguliwa kujifunza RPG-7, bomba la begani la kurushia makombora ya kuvunja vifaru. Mkufunzi wetu alikuwa amepigana Lukaya, Uganda, Machi 1979, kule askari wetu wa Tanzania walikokutana na vifaru vya Walibya waliokuja kumwokoa Idi Amin. Tulitamani atusimulie, lakini hakuwa msemaji. Wiki za mwanzo alitufanya tubebe bomba tupu tu: piga goti, lala, inuka, kimbia, rudia. Lina uzito wa kama kilo 7, na katikati limevishwa mbao ili lisikuunguze shavu. Kombora likiwekwa mbele, uzito wote unahamia huko na mkono unaanza kutetemeka.

Siku ya kwanza ya kufyatua, afande alichukua debe tupu la mafuta akalisimamisha hatua chache nyuma ya mpigaji. Sisi tulikuwa tumepangwa pembeni, mbali. Bunduki ya kawaida hukusukuma begani. RPG haikusukumi hivyo, kwa kuwa moto na gesi hutokea nyuma ya bomba. Vumbi lilipotulia tulilikuta debe mbali na pale lilipokuwa, limebonyea kama karatasi iliyofinyangwa, na nyasi nyuma ya mpigaji zinawaka. Afande aliliokota akatuzungushia mmoja mmoja tulishike. "Huyu angekuwa mwenzako," akasema. Nikiwa na miaka sitini na zaidi, bado nakumbuka lilivyokuwa la moto mikononi.

Tangu hapo hakuna aliyesahau kutazama nyuma. Masikio ndiyo tuliyasahau.

Pamba za kuziba tulikuwa nazo. Zamu yangu ilipofika nilizitoa mwenyewe, niliogopa nisije nikapitwa na amri mbele ya wenzangu. Nilifyatua. Ule mlio niliupokea kifuani na kwenye meno kabla sijajua kwamba ni mlio. Kisha kimya. Nilimwona afande anafungua mdomo na kufumba, wala sikupata hata neno moja. Jioni kichwani nyenje walikuwa wanalia, sikio la kulia zaidi, lile lililokuwa upande wa bomba. Kesho yake mchana wakanyamaza, nami nikajihesabu nimepona. Nikarudia hivyo hivyo mara nyingine nyingi.

Hapo ndipo nilipojiponza. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Mshindo mkubwa huvivunja, na vikishakufa havioti tena. Nyenje kunyamaza si dalili kwamba vimerudi.

Tena uharibifu huu unaanza kimyakimya. Zinazotangulia kupotea ni sauti nyembamba: ndege, maneno ya watoto, herufi kama s, f na sh. Unasikia kabisa kwamba mtu anaongea, ila maneno huyashiki. Nyumbani wakadhani nimekuwa mkali, au nawadharau. Mama watoto ananiita mara tatu, ya nne anapaza sauti, nami namjibu kwa hasira kwa nini ananifokea. Miaka imepita hivyo, na inaniuma, kwa sababu hakukuwa na ugomvi wowote kati yetu.

Siku moja mjukuu aliniletea chai. "Babu, shika." Mimi nikasikia "fika", nikabaki namwangalia, naye akaachia kikombe akidhani nimekipokea. Chai ilimwagikia mguuni mwake. Hakuungua sana, Mungu ni mwema. Wiki ile ile nikaenda kupima.

Kipimo chenyewe hakiumi. Unakaa kwenye chumba kidogo kisichopitisha kelele, unavaa visikilizio, unabonyeza kitufe kila ukisikia mlio. Mimi nilikaa muda mrefu bila kubonyeza, nikiamini mashine haijawashwa. Ilikuwa imewashwa.

Kwa hiyo ukienda kwa daktari wa masikio, mwambie wazi ulipiga silaha gani na kwa muda gani. Usiseme "ni uzee tu." Ukishauriwa kuvaa shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, vaa mapema, maana ubongo unahitaji muda kuzoea sauti upya. Na masikio yakianza kuuma au kutoa majimaji, usingoje wala usimimine mafuta ya moto. Kijana uliyeko mafunzoni sasa hivi, ziba masikio yote mawili kila mara, hata kama zamu si yako na umesimama tu pembeni.

Nanyi familia, msimwite mwenye shida hii kutoka chumba kingine. Mwendeeni, akuone uso, kisha sema taratibu bila kupiga kelele. Mjukuu wangu amejifunza mwenyewe: siku hizi akija na kikombe, kwanza anazunguka upande wangu wa kushoto, ananigusa goti, ndipo anasema.