Undertale bila kuua hata mmoja

Yawezekana bwana kuicheza gemu ya Undertale bila kuua adui yeyote, mpaka mwisho. Nimeimaliza hivyo hapa Langoni kwenye laptopu ya binamu yangu. Undertale ya Toby Fox (2015) haikulazimishi kuua: ingia ACT (kitufe cha vitendo), mchekeshe adui au zungumza naye, jina likigeuka njano bonyeza MERCY (kitufe cha kusamehe). Toriel, mpinzani mkubwa wa mwanzoni, ndiye anayewapoteza wengi. Maneno hayamwingii, wewe ng'ang'ania tu kumsamehe. Asgore, mfalme wa huko mwishoni, naye anakivunja kabisa kitufe cha MERCY, kwa hiyo itabidi umpige mpaka alegee, ndipo umwachie.

Ila usipoua hupati EXP (pointi za kukuza nguvu), unabaki na HP (uhai) 20 tu, basi jifunze kukwepa. Na ule mwisho mzuri hauji raundi ya kwanza, sharti umpitie kwanza Flowey, lile ua adui, mwishoni mwa raundi hiyo.