Mbwa anaelewa neno au sauti tu?

Umeuliza kama mbwa anayekaa ukimwambia "kaa" ameelewa neno au anafuata sauti. Anaweza kufuata vyote viwili, ila mara nyingi anachosoma ni mwili wako. Mjaribu: simama wima, mikono nyuma, usimkodolee macho, kisha sema "kaa" mara moja kwa sauti ya kawaida. Asipokaa, huenda alichojifunza ni ishara ya mkono, si neno.

Kosa huwa kwenye mpangilio. Ukitamka huku unaonyesha mkono, jicho linashinda na sikio halipati kitu. Tamka kwanza, subiri kama sekunde moja, ndipo uonyeshe. Akikaa tu, mpe kipande cha chakula papo hapo. Ukirudia hivyo ataanza kukaa kabla hujainua mkono. Fundisha upya nje pia, maana amri ya sebuleni haihami yenyewe. Na usiseme "kaa kaa kaa", atazoea kusubiri ya tatu.

Uwezo wanao: Chaser, mbwa wa aina ya border collie wa Marekani, alijua majina ya vitu zaidi ya 1,000. Huyo lakini ni wa pekee, usimpime wako naye.