Nani anauamrisha moyo kupiga? Jibu refu kutoka kwa mtu mwenye pesimeka

Mleta mada umeuliza kama kila pigo la moyo linaamrishwa na ubongo, na kuna mdau hapo juu amekujibu ndiyo, eti ubongo ukikata mawasiliano tu moyo unasimama. Hapana wakuu. Hii kitu naijua kwa mwili wangu mwenyewe maana natembea na pesimeka kifuani (kifaa kidogo kinachoupa moyo umeme ili upige) kwa tatizo la umeme wa moyo, na daktari wangu nimemsumbua sana kwa maswali.

Moyo unajipigisha wenyewe. Juu kabisa kwenye chumba cha juu cha kulia, karibu na pale unapoingia mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani na mikononi, kuna kikundi kidogo cha seli kinaitwa nodi ya SA. Hizo seli hazijui kutulia. Zikishapiga umeme, sodiamu inaanza kuvuja taratibu kuingia ndani, chaji inapanda pole pole yenyewe bila mtu kuigusa, ikifika kiwango fulani milango ya kalsiamu inafunguka umeme unaruka, afu potasiamu inatoka nje chaji inashuka, halafu inaanza tena kupanda. Ndo hivyo hivyo tangu uko tumboni kwa mama, wiki chache tu baada ya mimba kutungwa. Moyo wa chura ukitolewa ukawekwa kwenye maji yenye chumvi zinazofaa unaendelea kupiga, na mtu ambaye ubongo wake umekufa, mashine ikimpumulia oksijeni ikaendelea kufika, moyo wake unaweza kuendelea kupiga kwa muda. Ubongo haupo na pigo lipo.

Umeme ukitoka SA unasambaa vyumba vya juu vinabana, ila hauwezi kushuka chini popote tu, una njia moja, nayo inapita nodi ya AV, kikundi kingine cha seli kilicho kati ya vyumba vya juu na vya chini. Pale unacheleweshwa kama sehemu ya kumi ya sekunde, na mimi huo ucheleweshaji ndo kitu kilichonivutia kuliko vyote, kwa sababu bila huo muda vyumba vya chini vingebana kabla havijajaa vizuri damu ya kutoka juu. Ukishapita hapo unakimbia kwenye kifungu cha His na nyuzi za Purkinje, yaani njia za kusambazia umeme huko chini, vyumba vya chini vinabana damu inaenda. AV ilielezewa na Mjapani Sunao Tawara mwaka 1906, na SA ikafuata 1907 kutoka kwa Waingereza Keith na Flack, kwahiyo mlango (AV) ulijulikana kabla ya chanzo chenyewe (SA).

Sasa kwangu mimi ndo hiyo njia ya AV iligoma. Nilikuwa nikipanda ngazi naishiwa pumzi, kizunguzungu, mwishowe nikaanguka nikapoteza fahamu. Nikapigwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, daktari akanionyesha kwenye karatasi, vyumba vya juu vinaenda zaidi ya 80 kwa dakika na vya chini vinaenda thelathini na kitu, kila kimoja na hesabu yake, havisikilizani kabisa. Nikamuuliza sasa hiyo thelathini inatoka wapi kama umeme haushuki? Akasema moyo una akiba. SA ikinyamaza au umeme wake usipofika, seli za eneo la AV zinaweza kushika usukani kwa 40 mpaka 60, na hizo zikishindwa, nyuzi za chini kabisa zinapiga 20 mpaka 40. Mimi nilikuwa naishi kwa hiyo akiba ya mwisho. Inakuweka hai lakini haiaminiki na haiongezi kasi ukitaka kupanda ngazi.

Na hapo ndo tunafika kwenye kazi ya ubongo, maana ipo na ni kubwa. Ile SA ukiikata neva zote inapiga kama 100 kwa dakika. Sasa mbona watu wengi wakitulia wana sabini hivi? Ni neva ya vagasi, inatoka kwenye shina la ubongo inashuka mpaka moyoni, inamwaga kemikali inaitwa asetilikolini, na hiyo inafanya kazi kama breki, ile chaji inapanda pole pole zaidi. Mwanasayansi Otto Loewi alilionyesha hili mwaka 1921, alichokoza vagasi ya moyo wa chura, akachukua maji yaliyokuwa kwenye ule moyo akayaweka kwenye moyo wa pili, na wa pili nao ukapunguza mwendo bila neva yake kuguswa. Kwahiyo ukikaa tu hapo ulipo breki imekanyagwa. Ukisimama ghafla, vipima presha vilivyopo kwenye mishipa ya shingo na kwenye aota (mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni) vinahisi presha imeshuka, ubongo unaachia breki kwanza, hiyo ni haraka sana, neva za kuharakisha zinakuja nyuma yake kwa sekunde kadhaa, na adrenalini ya kwenye damu inachelewa zaidi. Watu waliopandikizwa moyo wanaonyesha hili vizuri, neva zilikatwa, kwahiyo wakitulia wengi wanakuwa 90 mpaka 110 na wakianza mazoezi kasi inapanda kwa kuchelewa kwa sababu wanaisubiri adrenalini.

Kwangu ubongo haukuwa na kosa lolote. Nilipokuwa napanda ngazi amri ilikuwa inatoka, SA inaitii, vyumba vya juu vinaongeza kasi, ila taarifa ilikuwa inafia mlangoni. Pesimeka niliyowekewa ina waya mbili, mmoja unasikiliza chumba cha juu, ukisikia pigo unangoja kidogo kama AV ilivyokuwa inangoja, halafu wa pili unapiga umeme chumba cha chini. Kasi bado inatoka SA yangu na breki bado ni vagasi yangu, na ngazi sasa hivi napanda naongea.

Kuhusu mapigo yako uliyosema ni 52 ukitulia na ukivuta pumzi yanaenda haraka, ukitoa yanapungua: hilo la pumzi ni vagasi kulegea na kukaza, ni kawaida na kwa vijana linaonekana zaidi. 52 kwa mtu wa mazoezi asiye na dalili mara nyingi haina shida. Ila panda ngazi kisha pima tena. Isipopanda, au ukipata kizunguzungu, kuishiwa pumzi au kuzimia, nenda kapige ECG usisubiri, tena ukiwa umezimia nenda siku hiyo hiyo.