Kwa Mwalimu Kijana Anayeandika Tamthiliya na Mashairi

Ninyi mnaoripoti katika shule za sekondari hapa Arusha mkiwa na barua ya ajira mkononi na tamthiliya ambayo haijaisha ndani ya begi, huwa mnaniuliza kwanza muda wa kuandika utatoka wapi. Mimi huandika saa kumi na moja alfajiri, siku nne kwa wiki, kabla sijazungumza na mtu yeyote, kwa sababu baada ya vipindi, zamu na madaftari ya mikondo minne hakibaki kitu kichwani kinachofaa kuandikiwa. Likizo msiitegemee, maana ina kazi zake. Hata hivyo, katika miaka yangu ya kufundisha nimeona kwamba ukosefu wa muda hauwaharibu waandishi walimu kwa kiasi ambacho desturi ya kueleza inawaharibu.

Kazi yetu darasani ni kueleza, kurudia, kisha kuuliza kama tumeeleweka, na mwalimu asipofanya hivyo hajatenda haki. Lakini mtu akieleza vipindi sita kwa siku, ulimi wake unazoea, na usiku anapokaa kuandika, wahusika wake nao wanaanza kufundisha. Mama anamweleza mwanawe maana ya subira. Mzee anamweleza kijana hasara za pombe. Ukurasa unajaa, na mchezo umekufa bila mwandishi kutambua, kwa kuwa kila alichokiandika ni cha kweli.

Nililijua hilo katika mahafali ya kidato cha nne, wanafunzi wangu walipocheza tamthiliya yangu ya kwanza bwaloni. Nilikuwa nimemwandikia mama mfiwa hotuba ya karibu ukurasa mzima. Binti aliyecheza nafasi hiyo aliisahau baada ya sentensi mbili, akanyamaza, kisha kwa kutojua la kufanya akaanza kukunja kanga iliyokuwa juu ya kiti, taratibu, pembe kwa pembe. Bwalo lote lilitulia, na wazazi waliokuwa wakinong'ona nyuma wakaacha. Usiku ule niliifuta hotuba yote, nikaandika mahali pake maelekezo ya jukwaa ya mstari mmoja: mama anakunja kanga. Mpaka leo nauhesabu mstari ule kuwa bora kuliko yote iliyomo katika mchezo huo, ingawa haukutoka kwangu.

Kwa hiyo nawasihi mjifunze jinsi watu wetu wanavyosema jambo bila kulitaja. Mtu aliyekuja kukopa hupiga hodi, huuliza hali ya watoto, huzungumzia mvua na bei ya mahindi, hunywa chai mpaka ikaisha, na fedha huzitaja akiwa amekwisha kusimama mlangoni anaaga. Hiyo ni tamthiliya kamili, ina kusudi, kizuizi na kilele. Wapeni wanafunzi zoezi la kuandika mazungumzo ya namna hiyo, wakikatazwa kulitaja neno lenyewe hata mara moja, na ninyi fanyeni pamoja nao, msomewe kama wao wanavyosomewa. Kaeni pia katika soko la Kilombero asubuhi moja bila daftari, msikilize muuzaji anavyomkatalia mteja bila kumkosea heshima.

Katika ushairi, dawa ya desturi hiyo ya kueleza ni mizani, yaani hesabu ya silabi katika kila mstari. Wengi hupita kila siku kando ya Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, katikati ya mji, bila kujua kwamba mwenye jina hilo, aliyefariki mwaka 1964, alikuwa malenga, na kwamba mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake kinachofafanua sheria za kutunga mashairi. Vijana wanaopenda mashairi huru huziona sheria hizo kuwa pingu. Mimi siwapingi, kwani mshairi Euphrase Kezilahabi alikwisha kuthibitisha mwaka 1974 katika diwani yake Kichomi kwamba shairi laweza kusimama bila vina. Nasema tu kwamba mwalimu ana maneno mengi mno, naye anahitaji kitu cha kumnyang'anya. Nilipoanza niliandika mshororo huu:

Umasikini ni dhiki, huwaumiza watoto.

Mizani kumi na sita zilitimia, nane kwa nane, na sikuwa nimesema lolote. Niliurudia mshororo huo kwa majuma matatu, nikihesabu kwa vidole njiani, mpaka nikapata huu:

Viatu vya marehemu, mwana avaa shuleni.

Hesabu ni ile ile. Huu wa pili hauna neno umaskini, wala maumivu, lakini mwanafunzi mmoja alipousikia aliitazama miguu yake, nami sikumuuliza kitu.

Hapo pana jambo ambalo sina budi kulitaja. Wanafunzi watawaamini kwa siri zao, na siri hizo ni nzito kuliko chochote mtakachobuni. Msiziandike. Mwanafunzi aliyekueleza ya nyumbani kwao hakuja kwa mwandishi. Alikuja kwa mwalimu wake. Mimi huacha miaka ipite mpaka nisiweze tena kukumbuka ni nani aliyeniambia, na kama bado namkumbuka, naiacha siri hiyo.

Kabla ya kumpa mtu yeyote mswada, tafuteni jirani ambaye si mwalimu, mfanye naye miadi ya jioni moja, mumsomee onyesho moja kwa sauti. Mahali atakapoanza kutikisa kichwa kwa kukubali, wekeni alama kwa penseli. Huko ndiko mnakoeleza, na kesho alfajiri mtaanzia hapo kufuta.