Waliridhika, kisha wakakataa sindano

SWALI: Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Kasulu. Wakati wa korona tulipita nyumba kwa nyumba tukiuliza: "Je, unaridhika na serikali inavyopambana na ugonjwa?" Karibu wote walijibu ndiyo. Chanjo ilipofika, waliojitokeza walikuwa wa kuhesabu. Walitudanganya?

JIBU: Si lazima. Kuridhika ni habari ya yaliyokwisha kufanyika: ndoo za maji tiririka ziko sokoni, shule zilifungwa zikafunguliwa. Kuamini ni kukabidhi mkono wako kabla hujajua matokeo. Mtu anaweza kusifia ndoo na sindano akaikataa.

Tazama Beni na Butembo, mashariki ya Congo. Ebola ilitangazwa huko Agosti 1, 2018. Mwezi uliofuata watafiti waliwahoji watu wazima 961: chini ya theluthi moja waliwaamini viongozi wa eneo lao, na kama robo walisema Ebola haipo kabisa. Wenye imani ndogo ndio waliokuwa wazito kukubali chanjo. Desemba tume ya uchaguzi ikaahirisha uchaguzi huko hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama, wakati masoko na makanisa yako wazi. Januari rais akaapishwa bila kura zao. Hasira ilikuwa dhidi ya wakubwa wa Kinshasa, mji mkuu, lakini siku moja tu baada ya uchaguzi kuahirishwa waandamanaji wa Beni walivamia kituo cha Ebola.

Kwa hiyo neno "serikali" lisikae peke yake kwenye swali. Uliza wanamwamini kiasi gani kila mmoja peke yake: mwenyekiti wa kijiji, zahanati, wizara, hata shekhe au mchungaji. Majibu yawe manne: hata kidogo, kidogo tu, kwa kiasi, sana. "Ndiyo" na "hapana" huvuta watu kwenye jibu la adabu.

Usiongozane na mwenyekiti, na fulana ya mradi iache nyumbani. Mwenye nyumba akidhani umetumwa, atakupa anachodhani unataka. Afadhali wahudumu mbadilishane vijiji. Chagua kila nyumba ya tano badala ya zile zilizo kando ya barabara. Ukihoji watu 100 waliochaguliwa kwa haki, matokeo yanaweza kuyumba pointi 10 juu au chini, kwa hiyo asilimia 55 dhidi ya 48 usiitangaze kama tofauti. Watu 400 hushusha myumbo hadi 5. Andika na tarehe: mwanzoni mwa janga watu wengi huwa upande wa viongozi wao, miezi ikipita wanapungua.

Mwisho weka swali moja la kitendo, maana hapo adabu haina kazi: "Mtoto akishikwa na homa usiku wa leo, utampeleka wapi kwanza?"