Maswali ya wasomaji: Namba ipi inaeleza jengo limeumia kiasi gani?

Swali: Nasimamia majengo ya ghorofa. Kila tetemeko likipita, taarifa hutaja ukubwa wake na pengine kilele cha mchapuko wa ardhi (kiwango cha juu kabisa ambacho kasi ya ardhi ilibadilika nacho). Nifuate ipi?

Jibu: Zote mbili hazitoshi. Ukubwa hupima tetemeko kwenye chanzo chake, si chini ya nguzo zako. Kilele nacho ni nukta moja tu ya rekodi ya mtikisiko. Ardhi ikishtuka kwa sehemu ndogo ya sekunde, jengo refu na zito halipati hata nafasi ya kuyumba.

Tazama Mexico City, 19 Septemba 1985. Chanzo kilikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini, na kwenye udongo laini wa ziwa la kale kilele kilikuwa takriban 0.17 g tu (g ni mchapuko wa mvutano wa dunia). Lakini udongo ule ulibembea mara moja kila sekunde 2, tena na tena, na majengo ya ghorofa kama 6 hadi 15 ndiyo yaliyoumia zaidi. Spektra ya rekodi hiyo, yaani mchoro unaoonyesha mchapuko wa juu ambao majengo ya kila muda wa mbembeo yangepata, inakaribia 1 g kwenye sekunde 2, kwa ufifishaji (uwezo wa jengo kupunguza kuyumba kwake) wa asilimia 5. Hapo ndipo madhara yalipojificha.

Basi anza na mbembeo wa jengo lako, yaani muda linaochukua kuyumba kwenda na kurudi mara moja. Kwa fremu ya zege, kisia sekunde 0.1 kwa kila ghorofa. Soma spektra hapo, kisha endelea hadi mara 1.5 ya muda huo, kwa sababu jengo likishapata nyufa hulegea na kubembea polepole zaidi.

Angalia pia mtikisiko ulidumu kwa muda gani, maana nondo zikipindwa huku na huko mara nyingi huchoka na zege la juu hubanduka. Kipimo cha Arias hukusanya mraba wa mchapuko kwa rekodi nzima. Hesabu sekunde kati ya asilimia 5 na 95 ya jumla yake.

Tahadhari moja kubwa: kabla ya kutafuta kasi ya ardhi kutokana na rekodi ya mchapuko, ondoa wastani wa usomaji wa akselerometa (chombo cha kupima mchapuko) wakati ardhi ilipokuwa imetulia. Kosa la 0.001 g tu, likijumlishwa kwa sekunde 60, huzaa kasi ya uongo ya karibu mita 0.6 kwa sekunde, na ardhi "iliyohama" zaidi ya mita 17. Fanya vipimo hivi vyote kwa pande zote mbili za mlalo. Upande mmoja waweza kuwa mpole na wa pili ndio uliovunja.