Kigundua rada: uzoefu wangu kabla hujatoa hela yako

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kigundua rada (kile kifaa cha garini kinacholia kikinasa mawimbi ya tochi ya trafiki ya kupima spidi) kipi ununue, na kama ni kweli ukishakifunga hutapigwa tochi tena. La pili nalijibu kwanza kwa sababu ndilo lililonigharimu. Si kweli. Nimetumia vifaa viwili kwa miaka saba, na faini iliyoniuma kuliko zote niliipata kifaa kikiwa kimewaka mbele yangu.

Ilikuwa asubuhi, barabara tupu, hakuna gari mbele wala nyuma. Kifaa kimya. Napanda kilima, nafika juu tu, kikalia kwa nguvu zake zote. Hakikuanza taratibu kikapanda, kilianzia juu moja kwa moja. Nikakanyaga breki, lakini trafiki alikuwa ameshanisimamisha. Tochi yake haikuwa ikirusha mawimbi muda wote. Alikuwa ameishika tayari, anabonya pale tu gari linapojitokeza, na spidi yako anaipata papo hapo, kabla mguu wako haujafika kwenye breki. Kigundua rada hakitabiri kitu, kinasikia mawimbi yaliyopo hewani basi. Yasipokuwepo, kitakaa kimya hata kama trafiki yuko mita mia mbili mbele.

Kwa tochi ya namna hiyo, anayekuokoa ni mwenye gari lililo mbele yako. Akipigwa yeye, wewe wa nyuma unasikia mlio mfupi, halafu kimya. Wengi huupuuza wakidhani kifaa kimekosea. Mimi mlio huo ndio ninaoupa uzito kuliko yote, na nashusha spidi hata kama sioni kitu.

Tochi ya leza, inayopima spidi kwa mwale wa mwanga badala ya mawimbi ya rada, ni ngumu zaidi. Mwale wake ni mwembamba mno: ukiwa umbali wa mita 300 upana wake ni kama mita 1 tu, na trafiki anaulenga kwenye namba ya gari au taa. Rada ya kawaida inasambaa, kwa hiyo unaweza kuinasa ikiwapiga wengine. Leza haisambai hivyo. Kifaa kikikuambia leza, mara nyingi umeshapimwa. Na zile kamera zinazosoma namba ya gari sehemu mbili kisha zikapiga hesabu ya muda uliotumia katikati, usitegemee kifaa kikuambie chochote, kwa sababu hazihitaji rada kabisa. Labda kiwe na ramani ya GPS yenye kamera hizo ndani yake.

Sasa kuchagua. Rada za barabarani mara nyingi zinatumia bendi tatu, yaani mafungu matatu ya masafa ya mawimbi: X, karibu gigahezi 10.5, K, karibu gigahezi 24, na Ka, kati ya gigahezi 33.4 na 36. Faida yako ni kwamba wimbi la tochi lazima lifike kwenye gari lako, ligonge, lirudi likiwa limedhoofika ndipo lisome spidi. Wewe unalisikia likiwa bado linakuja. Ndiyo maana barabara ikiwa imenyooka, kifaa kizuri kinakuamsha mapema sana. Lakini mawimbi haya hayapindi kona vizuri wala hayapiti ndani ya kilima, kwa hiyo zile kilomita zinazotangazwa kwenye boksi zisikupagawishe.

Kifaa changu cha kwanza nilikichagua kwa hizo kilomita. Kilikuwa na masikio kweli, ila hakikuwa na akili. Kila mlango wa duka unaojifungua wenyewe, mlio. Kila gari jipya lenye vihisi vya kumwonya dereva kuhusu gari la pembeni, mlio, maana vingi vya vihisi hivyo vinatumia masafa yaleyale ya karibu na gigahezi 24. Baada ya wiki mbili nikawa nakipunguza sauti, na baada ya mwezi kilikuwa kinalia na mimi sigeuki. Kigundua rada usichokiamini ni sawa na kutokuwa nacho, tena ni kibaya zaidi kwa sababu moyoni unajiona umelindwa.

Kwa hiyo usimuulize muuzaji kinasikia mbali kiasi gani, muulize kinachuja vipi. Kiwe na kichujio cha vihisi vya magari, kiwe na GPS ya kukumbuka sehemu ambazo siku zote kinalia bure, kikuruhusu kuzima bendi moja moja, na programu yake iweze kusasishwa. Kabla ya kununua, chunguza trafiki wa njia zako wanatumia bendi gani, kisha zima isiyotumika. Hapo tu makelele yanapungua sana. Ila usikifundishe kunyamaza sehemu haraka haraka. Mimi nasubiri hadi nipite pale mara kadhaa, kwa sababu sehemu ukishainyamazisha, rada ya kweli ikisimama palepale kwa masafa yaleyale inaweza kukupita kimya.

Jambo ambalo karibu linifanye nirudishe kifaa cha pili dukani ni kioo. Nilikifunga katikati ya kioo cha mbele, kikawa kama kiziwi. Rafiki yangu kwenye gari la zamani anasikia rada, mimi wa nyuma yake sisikii. Kumbe kioo changu kimepakwa tabaka jembamba la metali la kuzuia joto la jua, na tabaka hilo linazuia mawimbi pia. Karibu na kioo cha kutazama nyuma kuna eneo lenye vidoti vyeusi lililoachwa bila tabaka. Nikakisogeza hapo, kama upana wa kiganja tu, na siku hiyohiyo kikaanza kusikia. Kikae juu, kielekee mbele, kilale sawa na barabara, na kisikuzibie macho.

Sheria iangalie kwanza kabla ya yote haya. Uingereza vinaruhusiwa. Ufaransa ni marufuku hata kuwa nacho garini, Ujerumani dereva haruhusiwi kukitumia, na Marekani jimbo la Virginia limevikataza ingawa majimbo mengine mengi yanaviruhusu kwenye magari madogo. Ukivuka mpaka, kitoe ukifungie. Na usikichanganye na kifaa cha kuvuruga rada. Hicho kinarusha mawimbi yake chenyewe, ni kosa zito sehemu nyingi, na mimi nakushauri usikiguse.

Ukiwa barabarani tumia masikio, usitazame skrini. Kwa kilomita 100 kwa saa unakata karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo ukikodolea kifaa macho sekunde 2 umeshapita mita zaidi ya 50 bila kuona barabara, na hapo katikati anaweza kuvuka mtoto. Kikilia, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu. Usikanyage breki ghafla, wa nyuma yako hajasikia ulichosikia wewe.

Niambie gari lako kioo chake kina vile vidoti vyeusi au hakina, nikuelekeze pa kukifunga na namna ya kuvuta waya kutoka kwenye fyuzi.